Laki Mbili za Jicho

Jicho langu la kushoto lilianza kucheza wiki ya mwisho ya Juni, tulipokuwa tunafunga hesabu za mwaka ofisini. Kope la chini, upande wa nje. Linatetema sekunde kadhaa, linatulia, nikishasahau linaanza tena.

Nikamwambia mama.

"La kulia au la kushoto?"

"La kushoto."

"Utalia." Akaendelea kuchambua mchele.

Shangazi akapinga kidogo: la chini kweli ni kilio, ila la juu ni mgeni, kwa hiyo nichunguze vizuri lipi linacheza. Kijiweni kwa muuza kahawa wakaniambia kushoto ni hela inatoka. Bibi hakuwa na muda wa tafsiri. Alichomoa uzi kwenye khanga, akaulowesha kwa mate, akanibandika chini ya jicho, vilevile watoto wachanga wanavyobandikwa kwenye paji la uso wakishikwa na kwikwi. Nikaingia nao ofisini. Bosi akaniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi yake tulikuwa na safari ya Morogoro kupeleka mahari ya mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Mhasibu wa ukoo ni mimi, kwa hiyo bahasha nikakabidhiwa mimi. Usiku wa Ijumaa sikulala. Mpaka saa saba niko na mahesabu, kuanzia saa nane niko kitandani na simu naangalia vichekesho, saa kumi alfajiri Coaster inapiga honi nje. Chalinze nikashusha vikombe vitatu vya kahawa chungu na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Nilijiona mjanja.

Wenyeji wetu ni Waluguru, na Waluguru ukoo wanauhesabu kwa mama. Baba wa binti alikaa pembeni kimya kama mgeni mwenzetu. Mwenye neno ni mjomba. Mjomba akataja milioni moja na nusu.

Mshenga wetu akashusha pumzi, akamtaja Mungu, akataja bei ya mafuta. "Mjomba, tumekuja na laki nane. Hapa hata utupekue, hakuna senti nyingine."

Bahasha ilikuwa na milioni moja kamili. Mpango ulikuwa tuifikie polepole, kama mtu anayepanda mnazi.

Jicho likaanza. Nikalikaza kwa nguvu litulie. Mjomba alikuwa ananitazama mimi, maana bahasha iko mapajani mwangu. Akatabasamu.

"Milioni moja na nusu. Sipunguzi."

"Laki tisa," mshenga akasema, sauti inakaribia kilio. "Na hapo tumekopa."

Likacheza tena, nikalikaza tena. Safari hii mjomba naye akanikonyeza. Nikadhani mzee wa watu ana ugonjwa kama wangu. Nikamwonea huruma kabisa.

Tuliishia milioni moja na laki mbili. Zile laki mbili za juu zilitoka kwenye hela ya mafuta ya gari na kwenye pochi ya shangazi, tena sidirii nayo ilichangia. Wakati wa kuagana mjomba akanishika mkono, hauachii. "Kijana, wewe ni mkweli. Wenzako walitaka kunizunguka, wewe ukaniambia ukweli kwa jicho."

Shangazi alikuwa nyuma yangu.

Mpaka tunapita Mikese hakuna aliyefungua mdomo. Baada ya hapo walifungua wote. Hukumu ikatoka kabla hatujafika Dar: laki mbili za jicho nilipe mimi. Nikajitetea kwamba ni ugonjwa. Baba mkubwa, mtu wa haki, akasema nikileta cheti cha daktari nitasamehewa nusu.

Jumatatu asubuhi niko kwa daktari wa macho. Akanimulika, akaniambia nifumbe, nifumbue, nicheke, nikunje uso. Halafu akaanza kuuliza mambo ya kuaibisha: unalala saa ngapi? Kahawa vikombe vingapi? Kompyuta muda gani? Nilipofika kwenye lile kopo la Chalinze akaweka kalamu chini.

Akasema kuna msuli mwembamba unaolizunguka jicho, ndio tunaofumbia. Ukichoka unajirukia wenyewe. Kinachouchokoza ni usingizi haba, kafeini, mawazo, hata pombe na sigara, na macho kukauka, kwa sababu mtu akikodolea skrini anasahau kupepesa. Mara nyingi huisha lenyewe, siku chache au wiki chache. Nilale, nipunguze kahawa, niweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya jicho, nitumie matone ya kulainisha. Ila likipita wiki tatu hivi, au kope likiwa linafunga jicho lote, au linashuka, au jicho linakuwa jekundu, au mchezo unahamia shavuni na mdomoni, nirudi haraka. Kuna watu macho yote mawili yanajifunga yenyewe wakashindwa hata kuvuka barabara. Hao huchomwa sindano ya botox. Nikasema hiyo si ya urembo? Akasema Marekani waliiruhusu kwa macho mwaka 1989, makunyanzi yalikuja nyuma sana.

Elimu nzuri, lakini mimi nilifuata cheti. "Daktari, niandikie basi kwamba jicho lilikonyeza lenyewe."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Siwezi. Nimekutazama robo saa, limecheza mara nne, na kama usingeniambia nisingejua. Mtu aliyekaa ng'ambo ya sebule haoni kitu. Huyo mjomba alichokiona ni wewe unavyolikaza. Hiyo si kope kucheza, hiyo ni kukonyeza. Na ulikonyeza kwa hiari yako."

Nikatoka na jina la matone na neno moja lililopigwa mistari miwili chini: USINGIZI. Karatasi nikaikunja mara nane.

Mama alikuwa barazani na ungo wake.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema nilale."

"Cheti?"

Nikatoa simu, nikamtumia shangazi laki mbili kamili, na makato juu yangu. Mama akasikia mlio wa ujumbe. Hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameona jiwe kwenye mchele.