Makaa ya Mui yako wapi mpaka leo?

Tangu korti ya mazingira na ardhi ya Malindi itupe rufaa ya Amu Power Oktoba 2025, ile kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa stima wa makaa ya mawe kule Kwasasi, huku Lamu baraza zimegawanyika. Hawa wasema tumeokoka, wale wasema tumefukuza kazi za vijana wetu wenyewe halafu twalia vijana wakaa maskani tu. Mimi naona wote wabishana juu ya mtambo na hakuna anayeuliza makaa yenyewe yangetoka wapi.

Manake makaa ya Kenya yako Kitui, bonde la Mui, na serikali ilishatangaza kuwa sehemu moja tu ya bonde ina tani milioni 400. Kampuni ya Fenxi ya China wakasaini mkataba 2013, wakati huo serikali ya Jubilee wametuahidi megawati 5,000 kwa miezi 40. Miaka imepita na mgodi wa biashara haujaanza. Hata huo mtambo wa Lamu mpango ulikuwa uanze kwa makaa ya Afrika Kusini yaletwe na meli, ya Mui yangefuata baadaye, sasa hiyo "raslimali yetu" tuliyokuwa twaimbiwa ilikuwa ya kuagiza kutoka nje.

Lakini wanaoutaka mradi si wajinga, tusiwadharau. Mahitaji ya stima ya nchi yamepita megawati 2,300 saa za jioni, twanunua kutoka Ethiopia tangu 2022, na jua la sola lazama saa hizo hizo watu warudi nyumbani wawashe taa na tivii. Mtambo wa makaa haungoji jua wala upepo. Na kijana wa Hindi, hapa hapa Lamu, akiambiwa kuna ujenzi wa dola bilioni 2 karibu na kwao utamwambia nini, akavue? Bandari mpya ya Lamu yenyewe imewavuruga wavuvi mpaka korti kuu ya Malindi 2018 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7, kwa hiyo hiyo bahari twayomwambia arudi si ile ya babake.

Kinachonishinda mimi ni hesabu. Mkataba ulikuwa wa miaka 25 na Kenya Power walipe hata kama stima haikutumika, na watafiti waliopiga hesabu 2019 walipata kama dola milioni 360 kila mwaka, mtambo uwe umewaka au umezimwa, na mlipaji ni wewe mwenye mita nyumbani. Wakati ule matumizi ya nchi nzima hayafiki megawati 2,000, na hapo walitaka kuongeza karibu 1,000 kwa mpigo. Leo pengo la jioni lipo kweli, ila ni la masaa machache, na mtambo mkubwa wa makaa hauwashwi magharibi ukazimwa saa nne usiku, huo si jenereta. Mvuke wa ardhini wa Olkaria wafanya kazi usiku na mchana, makaa yake yako wapi?

Upande wa mazingira sitaurefusha, maji ya moto kurudishwa baharini kwenye mikoko, majivu, bomba la moshi la mita 210 karibu na mji ambao UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 2001. Tribunali ya mazingira ya 2019 ilifuta leseni ya mtambo zaidi kwa sababu wananchi hawakushirikishwa sawasawa, na hilo kila mtu wa hapa alijua kabla ya jaji.

Sasa, je, Mui imekufa? Tazama jirani. Tanzania wachimba Ngaka huko Ruvuma tangu 2011, wakaanza na wateja wa kawaida kama viwanda vya saruji, na vita vya Ukraine vilipopandisha bei 2022 meli zikabeba makaa Mtwara mpaka Ulaya. Hawakungoja mtambo mkubwa ndio wachimbe. Sisi viwanda vya saruji viko Athi River, njiani kutoka Kitui, na bado makaa yao yapitia Mombasa kutoka nje. Kama ya Mui yangekuwa na faida ya haraka hao wangeshayafuata zamani, kwa hiyo nafikiri tatizo ni ubora wake na gharama ya kuhamisha watu, sio wanaharakati wa Lamu.

Na mfadhili wa kuukomboa mtambo wa Lamu simuoni. Benki ya Maendeleo ya Afrika walijitoa 2019, ICBC ya China wakafuata 2020. Sheria ya madini ya 2016 yasema kaunti ipate asilimia 20 ya mrabaha na jamii 10, maneno mazuri, lakini asilimia 10 ya mgodi usiochimbwa ni sufuri. Kabla ya kusikia mradi mwingine wowote, hao wenye mikataba ya Mui waambiwe wachimbe au warudishe, wenye mashamba wajenge na wapande bila kungoja fidia isiyokuja. Na Kwasasi vilevile.