Dumu la kumi na nne: kwa nini nataka kila chombo cha sumu kiwe na namba yake

Mwezi wa saba, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, imekolea hadi unaona pumzi yako, nilisimama mbele ya shelfu ya dawa za wadudu kwenye stoo yetu ya pembejeo nikahesabu mara tatu. Leja ilisema madumu kumi na manne ya lita tano. Shelfuni yalikuwepo kumi na matatu. Kijana ninayesaidiana naye stoo akahesabu mara ya nne, akanigeukia: "Mama, labda tulikosea kuandika."

Hatukuwa tumekosea. Tulilipata alasiri nyuma ya kibanda cha mlinzi, limefunguliwa na limepungua. Kilichopungua kilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, imesimama dirishani. Mlinzi alikuwa ameomba dawa ya kupe kwa ajili ya mbuzi wake, na mtu wa pale pale kazini akammiminia. Mkewe, aliyekuja kumletea chakula, alikuwa ameshaifungua ile chupa akidhani ni mafuta ya alizeti. Mjue rangi ni ile ile, njano ya kuelekea hudhurungi, na sote huku tunanunua alizeti kwenye chupa za maji. Harufu ndiyo iliyomwokoa.

Tangu siku ile ofisini tunajadili kununua skana na kuingia kwenye misimbomilia, ile mistari myeusi iliyo kwenye kila bidhaa ya dukani. Wakubwa wangu wanaona suala limeshaisha: dawa zinakuja na mistari tayari, tununue skana, tuache leja. Nami naitaka skana. Ila jioni ile nilifanya jambo moja ambalo ningependa kila anayetunza kemikali alifanye. Nililiweka dumu lililoibwa kando ya mengine kumi na matatu, nikazisoma tarakimu zilizo chini ya mistari, moja moja. Zilikuwa sawa kwenye madumu yote kumi na manne.

Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mistari ile ilianzia kwenye biashara ya rejareja: bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye skana ilikuwa pakiti ya chingamu, katika supamaketi moja ya mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, Juni 26, 1974. Kazi yake ni kumwambia keshia kwamba hii ni bidhaa fulani, bei yake fulani. Namba ya tarakimu 13 tunayoizoea inataja shirika la nchi lililoitoa (yetu Tanzania ni 620), kampuni na aina ya bidhaa, kisha tarakimu ya mwisho inahakiki zilizotangulia. Kwa sukari inatosha, kwa sababu kilo moja ya sukari haina tofauti na kilo nyingine. Dumu la sumu lililofunguliwa lina tofauti kubwa na lisilofunguliwa, na mistari ya kiwandani haiwezi kuijua tofauti hiyo.

Kwa hiyo naomba tuchapishe lebo zetu wenyewe, kila chombo kipewe namba yake ya pekee siku kinaposhushwa kwenye gari, na namba hiyo ikifuate chombo mpaka kifo chake. Hapo skana itakuwa na maana. Tungejua siku ile ile ni dumu lipi limetoka, limetoka lini na nani alisaini.

Faida nyingine naziona bila kubishana na mtu. Mwaka juzi kijana mmoja aliandika "salfa" akifupisha salfeti ya shaba, huu mrututu wanaoutumia wakulima wa kahawa wa Mbozi. Kwenye leja mrututu ukabaki mwingi kuliko uliokuwepo na salfa ikapungua bila kuguswa, tukahangaika wiki nzima. Naitreti na naitraiti ni kemikali mbili tofauti, ila majina yanatofautiana kwa herufi chache tu, na mwandiko wa haraka haubagui. Skana haifupishi majina. Tarehe za kuisha muda nazo zitajitokeza zenyewe, tutoe kwanza dawa inayokaribia kuharibika badala ya ile iliyo karibu na mlango.

Lakini kuna jambo skana haiwezi, na hapa ndipo naona tunajidanganya. Mistari inahesabu vyombo, haihesabu kilo. Nina ndugu anayetunza stoo ya mtambo wa dhahabu kule Chunya. Sayanidi yao, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu, inakuja kwenye mapipa ya kilo 50. Pipa likishafunguliwa, kompyuta itaendelea kusema pipa lipo, hata kama wameshachota nusu. Anayetaka kuiba hana haja ya kubeba pipa. Anachota kidogo na kulifunika. Bila mizani kando ya skana, na bila uzito kuandikwa kila chombo kilichofunguliwa kinaporudi shelfuni, tutakuwa na taarifa safi za uongo.

Ndugu yangu huyo huyo ndiye aliyenifungua macho kuhusu mahali pa kuweka. Sayanidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua kwa dakika chache. Kwake, mfumo ukiandikwa vizuri, kila namba ya chombo inafungwa na namba ya shelfu, na mtu akiskani dumu la asidi kisha shelfu ya sayanidi, simu anayoskania inagoma na kupiga kelele. Leja haijawahi kumpigia mtu kelele. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu katika mfumo wote huu, ningeiweka hapo. Hata stoo yetu ya pembejeo ina klorini ya unga na asidi ya kusafishia, nazo hazitakiwi kukutana, na nimeshazikuta zimepangwa bega kwa bega.

Lebo nazo zichaguliwe kwa akili. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ukiiacha kwenye dashibodi ya gari, baada ya siku chache hakuna maandishi. Lebo nyingi za bei nafuu ni karatasi hiyo hiyo inayochapwa kwa joto, na kwenye stoo yenye mvuke wa asidi au dawa inayochuruzika haitamaliza msimu. Zinunuliwe za plastiki, zichapwe kwa utepe wa wino. Na zisibandikwe juu ya alama za hatari, ile miraba iliyosimama kwa pembe yenye mpaka mwekundu, wala kuziba mkanda wa rangi unaoonyesha ukali wa dawa. Mwenye haraka anabandika popote palipo laini, na mara nyingi palipo laini ni juu ya fuvu.

Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inatutaka tuwe na kumbukumbu, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Wakaguzi wakija tunawaonyesha. Swali langu ni la usiku: stoo ikiwaka moto, zimamoto wamepigiwa 114, gari limefika getini, orodha iko wapi? Kama iko kwenye kompyuta iliyo ndani ya jengo linaloungua, au umeme umekatwa, wale vijana wataingia bila kujua kama wanamwagia maji kitu kisichotakiwa kuguswa na maji. Ndiyo maana nakataa kuacha karatasi. Kila Ijumaa orodha ichapwe na ikae kwenye kibanda cha getini, ndani ya bahasha ya plastiki.

Kuna wanaosema haya yote ni gharama kwa stoo ndogo. Vikuge, Kibaha, viuatilifu vyenye DDT vilirundikwa kwenye banda la shamba la serikali mpaka banda likaanguka, sumu ikazama kwenye udongo. Kusafisha udongo ni ghali kuliko printa ya lebo.

Na namba isifungwe siku dumu linapoisha. Ifungwe likishasuuzwa mara tatu na kutobolewa, mbele ya mtu wa pili, kwa sababu madumu yetu mazuri ya bluu ndiyo yanayoishia kuteka maji huko vijijini.

Nimeomba tuanze na shelfu moja kabla ya mvua za Novemba. Printa bado haijanunuliwa, ila kijana ameshaandika namba kwenye madumu yote kwa kalamu ya wino usiofutika. Lile lililopungua ni namba 14. Tumelipima, tumeandika uzito wake, limerudi mwisho wa shelfu, na ufunguo wa stoo sasa ninalala nao.