Phoenix ya baba mkwe ilivyoivia darajani

Niseme mapema maana nawajua watu: IST haina tatizo. IST ni gari kamili, ina viti, ina redio, inakula mafuta kidogo. Tatizo linaanza unapotaka kuipakia baiskeli tatu, mke, watoto wawili na shemeji anayejua kila kitu, halafu uvuke ziwa uende nayo ukweni.

Ukweni kwangu ni Sengerema. Na baba mkwe alikuwa anadai Phoenix. Ahadi hiyo sikuitoa mimi, aliitoa baba mdogo wangu siku ya kupeleka mahari, alisimama akaona watu wamechangamka akaropoka "na mzee tutamletea baiskeli!", vigelegele vikapigwa, yeye akakaa akaendelea na wali, deni likabaki kwangu. Sasa mwaka huu nikasema potelea mbali, nikanunua Phoenix mpya, ile yenyewe, nyeusi, tairi namba 28, breki za vyuma, kengele, keria nyuma ya kubebea gunia. Watoto kuona babu anapelekewa baiskeli wakasema na wao hawaendi bila zao. Hizo ni zile za mtumba za Japani, ya Juma ina gia ambazo hazibadiliki na ya Neema ni ya kike, haina bomba la juu.

Mama Neema aliuliza swali moja tu, "Si tuziweke kwenye basi?"

Jamani. Mtu una gari lako hapo nje, limeoshwa, halafu baiskeli zako zipande basi? Buhongwa nzima ingenielewaje?

Basi nikaanza kutafuta keria ya kufunga kwenye gari, na hapo ndipo utagundua Mwanza kila mtu ni mtaalamu. Jirani akasema weka juu ya paa. Sawa, lakini IST yangu haina zile reli za juu, kwa hiyo inabidi ununue vyuma viwili vya kukatiza paa vinavyobana kwenye kingo za milango, halafu juu yake ndo unasimamisha baiskeli. Na geti letu lina bomba juu limekatiza, ukipita na baiskeli imesimama kwenye paa unaacha baiskeli nje gari linaingia ndani. Halafu Phoenix nani anainyanyua mpaka huko juu? Jirani akaangalia pembeni.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea kule Igoma kuulizia ile ndoano ya nyuma ya kuvutia trela, maana nilishaona kwenye magari ya wazungu wa mbugani, unachomeka keria pale imetulia kabisa haigusi hata bodi. Fundi akainama chini ya bampa, akaibuka na tabasamu, "Bosi hapa nakupigia chuma, utavuta hata trela la pamba." Akarudi chini akagonga na spana. Kikadondoka kipande cha kutu hivi, ukubwa wa kitumbua. Kimya. Akagonga tena kidogokidogo, kwa adabu sasa, akasema, "Ila bosi tungeanza kwanza na kuchomelea hapa pa kuchomelea." Nikamuaga.

Shemeji sasa. Huyu ni mdogo wake Mama Neema, anakaa kwetu "kwa muda" tangu enzi hizo. Akaniletea jamaa anauza vitu vilivyotumika vya Ulaya, na jamaa alikuwa nayo: keria ya mikanda. Chuma kina mikono miwili ya kuning'inizia baiskeli, kuna mikanda juu, chini na pembeni, na kila mkanda una kulabu mwishoni ya kunasa kwenye ukingo wa mlango wa buti. Kwenye boksi kuna picha ya familia ya kizungu inacheka. "Inaingia gari lolote," jamaa akasema. Laki na nusu. Nikalipa, nikajiona mzungu tayari.

Ndani kulikuwa na karatasi ya maelezo, Kijerumani upande huu, Kifaransa upande ule, afadhali kulikuwa na vichoro. Shemeji akawa anatafsiri vichoro. Huyu mtu anakaza mkanda, sawa. Hapa mzigo usizidi kilo 15 kwa baiskeli moja, jumla 45, sawa. Kichoro cha mwisho kilikuwa na nyuma ya gari, kibomba, mawingu ya moshi, na alama kubwa nyekundu ya kukataza.

"Hapo wanakataza kuvuta sigara," shemeji akasema.

Ikapita hiyo.

Kuhusu kilo, tulizipima kabisa, msije mkasema hatukupima. Jirani wa pili ananunua samaki mwaloni, ana ule mzani wa kuning'iniza anaopimia sangara. Tukaitundika Phoenix pale kwenye mwembe, mshale ukazunguka ukagota 22. Jirani akaiangalia inavyoning'inia, tairi la mbele linazunguka taratibu, akasema, "Huyu yuko juu ya sentimita 50, ni halali kabisa." Ya Juma kilo 12, ya Neema 11. Shemeji akajumlisha kwa kidole hewani: 45! Kamili! Hata gramu haijazidi! Akapiga makofi. Mama Neema akauliza, na ile 15 kwa moja? Akajibiwa jumla ni jumla dada, wenzako wameshapiga hesabu.

Jumamosi asubuhi tukafunga. Vitu vya ukweni vyote, mchele, sukari, mikate, maji ya kunywa, vikaingia kwenye buti, buti likafungwa, ndo keria ikafungwa juu yake (kaa na hilo). Ya Neema ikagoma kukaa kwa sababu haina bomba la juu la kuning'inizia, tukaifungia mpini wa fagio kutoka kwenye siti mpaka kwenye usukani, tukaning'iniza mpini. Phoenix ikakaa ya nje kabisa. Nikasimama mbali kidogo kuangalia. IST ni nyembamba kuliko urefu wa Phoenix, kwa hiyo tairi la mbele limetokeza kulia, la nyuma limetokeza kushoto, na taa zote hazionekani. Ilikuwa kama sisimizi kabeba mzoga wa panzi. Lakini ilikaa! Shemeji akaitikisa, gari zima likatikisika, akasema unaona, imekuwa kitu kimoja.

Tumetoka Buhongwa salama. Pedeli ilikuwa inagonga bampa, ka, ka, ka, nikapandisha redio. Bodaboda akatupita akachungulia dirishani, "Mzee, hao wa nyuma wamelipa nauli?" Nikamwangalia tu.

Usagara pale, mkono ukanyooka. Trafiki akazunguka nyuma, akakaa huko muda mrefu, akarudi kwenye dirisha langu kwa upole wote. "Mzee shikamoo. Hili gari lina namba?"

"Lina namba afande."

"Iko wapi?"

Nikashuka tukaitafuta wote. Iko, lakini nyuma ya gadi la cheni la Phoenix. Kontroo namba ya elfu 30 nikapewa, na nikaambiwa nisiondoke mpaka pleti ionekane. Sasa mimi nikawa niko kwenye simu nalipia, kazi ya kupanga upya ikafanywa na shemeji, naomba hilo lieleweke. Aliigeuza Phoenix, akaishusha upande mmoja, namba ikaonekana safi kabisa na taa moja juu. Tena akaongeza umakini wake: tairi la mbele lilikuwa linazunguka na upepo, akalifunga tuli kwa mpira wa tyubu ili lisizunguke. Trafiki akaridhika. Tukakata kona ya Kigongo.

Harufu ilianza hatujafika mbali. Mama Neema akasema kuna kitu kinaungua. Nikamwambia wanachoma takataka. Tukaenda, harufu tunayo. Akasema hao wachoma takataka mbona tunasafiri nao? Shemeji akavuta pua, akafumba macho, akasema, "Hiyo ni klachi." Nikamwambia shemeji, gari ni otomatiki. Akasema ndo maana, imejificha.

Tukaingia darajani. Wasiopita bado, lile daraja la Kigongo mpaka Busisi ni kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, na ukiwa pale juu na upepo wa ziwa lazima ujisikie mtu. Watoto wanachungulia maji, nawasimulia habari za kivuko tulivyokuwa tunapanga foleni na jua lile masaa mpaka masaa, sasa angalia, dakika chache tu uko Busisi...

PAAAA!

Aisee. Mama Neema alimtaja Yesu na mama yake mzazi kwa pamoja. Shemeji alikuwa ameshalala chini kati ya siti, na watoto wamo, sijui aliingiaje. Kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna vijana walikuwa wanapiga selfi, nikaona simu zinabaki hewani watu hawapo, wameinama wote. Basi la nyuma yangu likapiga honi mpaka nikaogopa honi kuliko mlipuko. Nikawasha hazadi nikasogea pembeni.

Tairi la mbele kulia, zima. Kushoto, zima. Nyuma yote mawili mazima. Tukayapiga mateke kuhakikisha, mazima. Vijana wa selfi wakaja, mmoja akasema ni injini, tukafungua boneti, injini inanguruma tu haina habari. Shemeji akatoka akasema klachi hiyo imepasuka.

Ni Juma aliyeita. Kasimama nyuma ya gari, kaziba pua. "Baba, ya babu."

Tairi la mbele la Phoenix lilikuwa limening'inia sawasawa nyuma ya ekzosi, karibu kiasi cha upana wa kiganja. Na kwa vile lilifungwa tuli lisizunguke, lilichomwa sehemu ileile moja kutoka Usagara mpaka katikati ya daraja. Raba imeyeyuka imening'inia, tyubu imetoka nje kwenye tundu ambalo ngumi inapita, rimu ukiigusa unatoa mkono haraka, na ule mpira wa kufungia ulikuwa umebaki mkaa. Namba ya gari ilionekana vizuri sana lakini.

Juma alikuwa na ile karatasi ya vichoro mkononi, aliichukua kuchezea. Akaiangalia, akaangalia ekzosi, akaangalia karatasi. "Mjomba, hii siyo sigara."

Kiu ikatushika wote ghafla. Maji yako kwenye buti. Buti halifunguki mpaka utoe keria, na keria haitoki mpaka ushushe baiskeli tatu na mpini wa fagio, pale juu ya ziwa lote lile la maji. Tulivumilia. Na ninavyosema mimi, haya yasingetokea enzi za kivuko, ungekaa pale Kigongo umezima gari, ekzosi ingepoa kabisa. Maendeleo mengine yanakuja haraka mno.

Sengerema tumefika nimeigeuza Phoenix mwenyewe, tairi bovu juu, limening'iniza ulimi. Watu wamejaa uani, mama mkwe anapiga vigelegele, vikapungua kadiri gari lilivyogeuka wakaona nyuma. Nikamsalimia mzee, nikamkabidhi, "Baba, ile baiskeli yako ndo hii."

Mzee hakusema kitu. Aliizunguka gari. Akachuchumaa taratibu na fimbo yake, akachungulia ekzosi, akaangalia tairi, akaangalia ekzosi tena. "Wabeja," akasema, asante hiyo kwa Kisukuma. "Tairi ya 28 hapa dukani zimejaa, hilo dogo." Halafu akagonga keria na fimbo. "Na hiki chuma ni bei gani?"

Nikasema laki na nusu. Nilijaribu kusema kwa sauti ndogo.

"Na trafiki?"

"Elfu 30 baba."

Akatingisha kichwa. "Basi la asubuhi lilipita hapo barabarani. Juu kulikuwa na baiskeli nne."

Mama Neema alikuwa amesimama nyuma yangu na sikugeuka. Shemeji alikuwa ameshaingia ndani kusalimia bibi.

Jumapili tukaagwa vizuri, michembe gunia zima, karanga, na kuku watatu wamefungwa miguu. Nikiwa napanga, shemeji akawachukua kuku akaelekea nao nyuma ya gari, akitafuta pa kuwaning'iniza kwenye mkono wa keria uliobaki wazi. Mzee akainua fimbo kutoka kwenye kiti chake.

"We kijana! Hao wakae ndani na nyie. Nimewapa kuku wazima, sitaki wafike Buhongwa wameiva."