Walisema Ndiyo, Lakini Hawakukubali: Kisa cha Watu wa Aujuittuq

Nilikuwa kituo cha basi hapa Ottawa, mwezi wa Februari, baridi ile inayouma pua hadi ndani. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyevaa koti jeupe lenye kofia pana mno mgongoni. Nilidhani amebeba mzigo. Mara mzigo ukageuka ukanitazama. Kumbe ni mtoto wa miezi sita hivi, mashavu mekundu, amezama ndani ya koti la mama yake. Alipoanza kunung'unika, mama alijitikisa taratibu, kulia, kushoto, vilevile kama mama zetu wanavyojitikisa mtoto akitaka kusinzia. Sikuweza kujizuia kutabasamu. Mombasa yote ilinijia pale kwenye theluji.

Koti lile huitwa amauti. Ni mbeleko, ila ni mbeleko iliyoshonwa ndani ya koti, kwa sababu kule lilikotokea ukimfunga mtoto kwa leso juu ya nguo ataganda kabla hujafika nyumba ya pili. Tukazungumza kidogo huku tukingoja basi. Nilimuuliza kwao ni wapi. Akasema kwao ni Inukjuak, kisha akaongeza, "lakini nyanya yangu alipelekwa kaskazini zaidi."

Alipelekwa. Hakusema alihamia. Basi langu likaja nikapanda, na kitenzi kile nikaenda nacho nyumbani. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya watu waliopelekwa, na leo nataka kusema ninavyoona.

Mahali penyewe ramani hupaita Grise Fiord. Ni kijiji kilicho kusini mwa kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, na hakuna kijiji cha raia katika nchi hiyo kilicho kaskazini kukipita. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 144. Jua huaga karibu na mwisho wa Oktoba, halichomozi tena hadi Februari. Jina la ramani lilitolewa na Otto Sverdrup, mpelelezi wa Norway aliyezunguka huko kati ya 1898 na 1902. Alisikia walarasi, wale wanyama wakubwa wa baharini wenye meno mawili marefu, wakikoroma kama nguruwe, akapaita ghuba ya nguruwe kwa lugha yake. Wenyeji wanapaita Aujuittuq, mahali pasipoyeyuka kamwe. Mimi nitatumia jina la wenyeji.

Wenyeji wenyewe ni Inuit, na neno hilo maana yake ni watu. Mmoja ni Inuk, wengi ni Inuit. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo, maana sisi pia tuna mtu na watu, na neno Bantu limetoka chimbuko hilohilo. Ndiyo maana naona uchungu ninaposoma nyaraka za maofisa wa zamani wakiwajadili watu hawa kama shehena: familia ngapi, uzito gani, zishushwe wapi.

Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilichukua familia saba kutoka Inukjuak, kwenye pwani ya mashariki ya Ghuba ya Hudson, pamoja na familia tatu kutoka Pond Inlet, kijiji cha kaskazini zaidi kwenye kisiwa cha Baffin, ikawapakia kwenye meli iliyoitwa C.D. Howe. Safari ilikuwa ya takriban kilomita 2,000 kwenda kaskazini. Mwaka 1955 wakafuata wengine. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba Inukjuak kuna njaa, bei ya ngozi za mbweha imeanguka, watu wanategemea msaada, na huko juu kuna wanyama tele. Lakini mwaka 1953 ulikuwa katikati ya Vita Baridi. Wamarekani walikuwa na watu wao kwenye vituo vya hali ya hewa vya kaskazini, wawindaji wa Greenland walikuwa wakivuka barafu kuja Ellesmere kuwinda, na Kanada ilitaka kuonekana ina raia wake pale. Waliopelekwa wamesema kwa miaka mingi kwamba walifanywa milingoti ya bendera, milingoti yenye pumzi. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na mimi naamini waliopelekwa.

Inukjuak haikuwa peponi, lakini palikuwa na kulungu wa kaskazini, samaki wa mitoni, matunda ya porini, mayai ya ndege. Palikuwa na duka, shule na muuguzi. Waliambiwa watakwenda kukaa pamoja, na wasipopapenda watarudishwa baada ya miaka miwili. Wakiwa tayari melini, mbali na nyumbani, ndipo walipoambiwa watagawanywa: wengine Resolute, kwenye kisiwa cha Cornwallis, wengine Craig Harbour kule Ellesmere, ambako baadaye kijiji cha Aujuittuq kilichipuka jirani yake. John Amagoalik, aliyekuwa mtoto mdogo melini na ambaye baadaye watu walimwita baba wa Nunavut, yaani eneo la utawala la Inuit huko kaskazini mwa Kanada, amesimulia jinsi wanawake walivyoanza kulia, na mbwa wao, waliosafirishwa nao, wakajiunga kwa kulia. Nimejaribu kuisikia sauti ile mara nyingi. Mtoto wa miaka mitano sita, baharini, asiyeelewa kitu ila kilio hicho.

Walishushwa kiangazi kikiisha. Majira ya baridi ya kwanza waliyakabili kwenye mahema ya turubai. Ng'ombe wa porini wenye manyoya marefu walikuwako Ellesmere, lakini sheria iliwakataza kuwagusa. Wale wa Resolute walikuwa jirani na kituo cha ndege cha jeshi, wakawa wanaokota mbao na mabaki ya chakula jalalani. Giza lenyewe lilikuwa geni kwao, kwa sababu Inukjuak hata Desemba jua huchomoza. Familia za Pond Inlet zililijua giza, na ndiyo sababu ziliongezwa, ili ziwafundishe wenzao. Kwamba serikali ilijua wanahitaji kufundishwa kuishi pale, kisha ikawapeleka hivyohivyo, kwangu hilo peke yake linatosha kuwa ushahidi.

Mmoja wa waliopelekwa alikuwa Paddy Aqiatusuk, mchongaji ambaye kazi zake za mawe zilishaanza kujulikana kusini. Hakumaliza hata mwaka mmoja. Alifariki mwaka 1954, na familia yake inasema aliuawa na huzuni. Mwanawe wa kambo, Josephie, alifika 1955 akakuta mzee ameshazikwa. Josephie huyu alikuwa mwana wa damu wa Robert Flaherty, Mmarekani aliyekwenda Inukjuak na kamera yake, akapata umaarufu duniani kwa picha za maisha ya Inuit, akaondoka na hakurudi kumwona mtoto. Binti ya Josephie, Martha Flaherty, alikuwa na umri wa miaka mitano tu alipopelekwa. Alipokuwa mtu mzima aliongoza chama cha kitaifa cha wanawake wa Inuit, na alisimama mbele ya tume ya kifalme iliyochunguza uhamisho ule kueleza njaa na baridi ya utoto wake. Namheshimu sana mama huyu.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Kila walipolalamika, jibu la wakubwa lilikuwa lilelile: walikubali wenyewe, polisi aliwauliza wakasema ndiyo. Wainuit wana neno ilira. Ni ile hofu iliyochanganyika na heshima unayokuwa nayo mbele ya mtu mwenye nguvu juu yako, mtu usiyeweza kujua akikasirika atafanya nini. Polisi alikuwa ndiye anayegawa msaada, ndiye anayeamua nani apandishwe melini kwenda hospitali ya kusini kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Mtu huyo akikujia hemani, kupitia mkalimani, akakwambia kuna mahali pazuri kaskazini, utamjibu nini? Kwetu tunalijua jambo hili hata kama hatuna neno moja la kulibeba. Mzee amesimama mbele ya bwana shauri, kofia mkononi, anaitikia "ndiyo bwana", halafu anarudi nyumbani akiwa hana la kumwambia mkewe. Ndiyo ile haikuwa ridhaa. Na naona ni kosa kubwa la maadili kuihesabu kama ridhaa miaka sitini, sabini baadaye, kwa sababu tu iliandikwa kwenye daftari la polisi.

Ukitaka kuona nguvu zilivyogawanyika, tazama shingo zao. Kuanzia 1941 kila Inuk alipewa kisahani kidogo cha mviringo, chenye taji la kifalme upande mmoja na namba upande wa pili, kiwe shingoni au kishonwe nguoni. Namba za watu wa Inukjuak zilianza na E9. Mkenya akisoma hapo anakumbuka kipande, kile cheti wazee walichokitia kwenye kikebe cha chuma na kukining'iniza shingoni kwa amri ya mkoloni. Ofisa hakuwa na haja ya kujua jina lako.

Na jina, kwa Inuit, si kitu kidogo. Mtoto hupewa jina la aliyefariki, na uhusiano wa marehemu humfuata. Mtoto aliyepewa jina la baba wa nyanya yake, nyanya humwita "baba", na humaanisha. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Mimi mwenyewe nimebeba jina la babu, na shangazi yangu hakuwahi kunipiga hata kofi moja, akisema hawezi kumpiga baba yake. Fikiria ukoo wote huo, waliokufa na waliozaliwa wakishikana mikono ndani ya majina, halafu anakuja mtu na daftari anaandika E9 na tarakimu tatu. Ilipofika 1968 ndipo Abe Okpik, Inuk mwenyewe, alipoanza kupita kijiji kwa kijiji kuwauliza watu wanataka kuandikwa jina gani la ukoo.

Wapo wanaosema: lakini leo watu wa Aujuittuq wanapapenda, kwa nini kuyafukua haya? Ni kweli wanapapenda. Waliozaliwa pale hawana kwao kwingine. Wamejifunza barafu ya pale, mahali inapokuwa nene na mahali mkondo unapoila kwa chini. Wanawinda sili, dubu weupe, na narwali, yule nyangumi mwenye pembe moja ndefu. Ngozi yake yenye mafuta, maktaaq, hukatwa vipande vidogo kwa ulu, kisu cha wanawake chenye makali ya nusu duara, na huliwa mbichi, watu wakiwa wameketi sakafuni wakizunguka karatasi ngumu iliyotandikwa. Nyama ya mawindo hugawiwa, na nyumba isiyo na mwindaji hupelekewa. Meli ya shehena huja mara moja kwa mwaka. Maji ya kunywa hujazwa kwenye matangi makubwa katika majuma machache ya kiangazi, barafuto ya mlimani inapochuruzika, na hayo ndiyo ya mwaka mzima. Lahaja mbili, ya Inukjuak na ya Pond Inlet, zimeishi nyumba moja hadi watoto wakatoka na usemi wao.

Lakini mapenzi hayo ni kazi ya mikono yao. Serikali haikuwapa. Iliwashusha ufukweni ikaondoka, wao ndio wakapageuza nyumbani. Kuyatumia mapenzi yao kuifutia serikali kosa ni kuwaibia mara ya pili. Mtoto aliyetupwa akikua akawa mtu wa maana, sifa haimwendei aliyemtupa.

Na ahadi ya miaka miwili? Ilichukua zaidi ya thelathini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo baadhi ya familia ziliposaidiwa kurudi Inukjuak, na hapo ndugu wakatengana tena, kwa sababu watoto waliozaliwa kaskazini hawakutaka kuondoka. Mwaka 1990 serikali iliagiza ripoti, ripoti ikasema hapakuwa na kosa. Mwaka 1994 tume ya kifalme iliwasikiliza waliopelekwa wenyewe na ikasema serikali iombe radhi. Mwaka 1996 ukaundwa mfuko wa dola milioni 10, bila radhi yoyote, na katika makubaliano yale familia zilitakiwa kukiri kwamba waliopanga uhamisho walikuwa na nia njema. Nilipolisoma hilo niliifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Unamtaka aliyeumizwa atie saini kwamba uliyemuumiza hukukusudia, ndipo umpe fedha?

Radhi ilikuja tarehe 18 Agosti 2010, ikitamkwa na waziri John Duncan huko Inukjuak. Wazee wengi walikuwa wameshatangulia. Mwaka huohuo sanamu mbili zilizinduliwa, zote kazi ya wachongaji wa Inuit. Ile ya Resolute, ya Simeonie Amagoalik, ni mwanamume amesimama peke yake. Ile ya Aujuittuq, ya Looty Pijamini, ni mama na mtoto, na mbwa pembeni yao. Zimewekwa hivi: mwanamume anatazama upande wa Aujuittuq, na mama na mtoto wanatazama upande wa Resolute. Kati yao kuna mamia ya kilomita za bahari, na sehemu kubwa ya mwaka ni barafu tupu.