Leso Moja, Mashati Matatu

Jamani, leso inachuja mpaka lini? Niliinunua Biashara Street, nyekundu ya kung'aa, nimeifua mara tano, na bado maji yanatoka kama damu ya ng'ombe! Jumapili mtu akaitumbukiza kwenye mashine pamoja na mashati meupe ya shule. Maji nyuzi 60. Sitini! Nani hajui maji moto ndiyo yanayofukuza rangi kwenye uzi? Halafu nguo zikalala humo mbichi hadi jioni, zimekumbatiana. Mashati yote matatu, waridi. Kesho shule. Mwalimu wa zamu nimwambie nini?

Wenzangu, nguo mpya ya rangi kali ifuliwe peke yake, kwa maji baridi! Na nyeupe ikishaambukizwa, msiianike. Irudisheni majini upesi, kabla rangi haijakauka.