Chumvi ya mtoto haipo mezani tu

Kuna makala kuhusu kupunguza chumvi kwa watoto inayowaambia wazazi waondoe kikopo cha chumvi mezani. Sawa, lakini huku Tanga chumvi nyingi ya mtoto imeshaingia sufuriani. Kidonge cha supu cha gramu 10, nusu yake au zaidi ni chumvi: kama gramu 5, kiwango ambacho hata mtu mzima hatakiwi kukifikisha kwa siku. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 mwisho wake ni kama gramu 2. Ukiweka kidonge, usitie chumvi tena.

Ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) uloweke usiku kucha, ubadilishe maji mara mbili tatu, na yote umwage, yasiingie mchuzini. Mtoto chini ya mwaka mmoja mpakulie kabla hujatia chumvi; figo zake bado changa. Kwa mtoto mkubwa zaidi, sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) huvuta maji kwenye damu, presha ikapanda, na ulimi ukishazoea (embe bichi la chumvi na pilipili kila siku!) chakula cha kawaida anakiona chapwa. Ndimu au ukwaju husaidia hapo.

Ila msikimbilie chumvi ghafi ya kutoka mashamba ya chumvi: haijatiwa madini joto (iodini).