Mbwa Mwoga Haponi kwa Fimbo

Huku Kigoma, mbwa akiikimbilia bodaboda kwa kubweka au akijificha uvunguni ngurumo zikianza, wengi hushika fimbo. Wengine humfunga mnyororo karibu na barabara ili azoee. Napinga yote mawili. Mbwa anayeogopa pikipiki, ukimchapa pikipiki inapopita, umempa sababu ya pili ya kuiogopa. Na mwoga aliyefungwa, asiye na pa kukimbilia, huuma. Mtoto aliyetumwa dukani ndiye anayepita hapo.

Popi wetu, koko tuliyemlea hapa Mwanga, kilichomsaidia ni dagaa. Wale wakavu wa Kibirizi, wasiotiwa chumvi, harufu yao anaipata ukiwa bado umewaweka mfukoni. Nilikuwa nakaa naye mbali na barabara, mahali anapoiona pikipiki na bado anakula. Umbali huo ndio kazi yenyewe. Akianza kujilamba midomo wakati hali kitu, akapiga miayo na hana usingizi, masikio yakalala nyuma, mkia ukaingia kati ya miguu, basi mmesogea mno. Akikataa hata dagaa, rudini nyuma na usimvute kamba.

Halafu kuna suala la nini kitangulie, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kuwa mbwa hudondokwa mate kwa ishara inayotangulia chakula. Kwa hiyo pikipiki itangulie, dagaa wafuate papo hapo. Pikipiki ikitokomea, dagaa nao wakome. Ukianza na dagaa, mbwa atajifunza kwamba wakitoka mfukoni balaa linakuja, na mwisho atawakimbia dagaa wenyewe. Nimeona watu wakikata tamaa kwa kosa hili tu, wakasema mbwa wao hafundishiki.

Siku mlio ukisikika naye akageuka kukutazama wewe, akisubiri chake, sogeeni hatua chache. Kijana wa kijiweni ukimwomba vizuri atakuwashia pikipiki na kuiacha ingurume imesimama. Hiyo ni rahisi kwa mbwa kuliko ile inayokuja mbio.

Wapo wanaosema kumbembeleza mbwa anayetetemeka ni kumdekeza. Sikubaliani nao. Hofu si ujanja wa kutafuta kitu, na mkono wako mgongoni haumwongezei. Akitaka kukuegemea, mwache aegemee.

Radi ni ngumu zaidi, maana huwezi kuisogeza mbali wala kuipunguza sauti. Kabla mvua za Novemba hazijachanganya, mtengenezee kona ndani, mbali na dirisha, umzoeze kula chakula chake hapo siku za jua. Bati likianza kupigwa, mwachie mlango wazi aingie mwenyewe.